Shajara ya mradi: kupima jinsi jiji linavyosimamia usafiri wa watu wake

Kabla ya wiki ya kwanza

Mradi huu haukagui lami. Lami ina wakaguzi wake. Tunachokagua ni usimamizi: nani anaamua, nani analipa, nani anarudi kuangalia baada ya mwaka, na abiria anapata nini mwishoni. Jiji tunalofanya nalo kazi hatulitaji mpaka ripoti ipite kwenye baraza la madiwani. Itoshe kusema ni jiji la Tanzania lenye daladala, bajaji na bodaboda, na halina bado njia ya mabasi ya mwendokasi. Namba za mahesabu zilizomo humu ni za mfano, zimewekwa ili mtu mwingine aweze kurudia kazi hii kwenye mji wake. Namba za barabarani zitatoka pamoja na ripoti.

Mbinu tumeiazima kwenye ukaguzi wa sera za baiskeli uitwao BYPAD, uliobuniwa Ulaya mwaka 1999. Mantiki yake inafaa kwa usafiri wote wa mjini. Makundi matatu, yaani wanasiasa, watendaji na watumiaji, hujaza dodoso lile lile, kila mtu peke yake. Kila swali lina ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni ya zimamoto: jambo linafanywa likishaharibika. Ya pili, mambo mazuri yapo lakini kila moja limekaa peke yake. Ya tatu, kuna utaratibu, bajeti na kumbukumbu. Ya nne, utaratibu huo umefungamana na idara nyingine na matokeo yake yanapimwa. Baada ya kujaza, makundi hukaa pamoja na kubishana mpaka wakubaliane alama moja. Kwetu sisi taarifa kubwa iko kwenye tofauti ya alama kabla ya kikao. Mhandisi akitoa 3 na mama muuza samaki akatoa 1 kwa kituo kile kile, hapo ndipo pa kuchimba.

Wiki ya 1: nani anashika nini

Tulianza na jedwali kabla ya kuonana na mtu yeyote. Mistari ni kazi 27 za usafiri wa kila siku: kupanga ruti, kutoa leseni, kupanga nauli, kuchora kituo, kujenga kibanda, kufagia, kubadilisha taa iliyoungua, kuziba mtaro, kupaka rangi pundamilia, kupanga muda wa mataa, kuondoa gari bovu njiani, na kadhalika. Safu ni taasisi. Kwenye kila chumba cha jedwali inaandikwa herufi: A kwa anayeamua, L kwa anayelipa, T kwa anayetenda, K kwa anayekagua.

Mgawanyo wa kisheria unajulikana. TANROADS ina barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ina barabara za wilaya na mitaa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019, inatoa leseni za usafirishaji na kupanga nauli. Polisi wa usalama barabarani wanasimamia sheria njiani. Halmashauri ina mipango miji, usafi, stendi, na jukumu la kuwapanga wafanyabiashara wadogo. Mtu anayetoka nyumbani kwake uchochoroni hadi kituo cha barabara kuu amepita mikononi mwa watatu kati ya hawa kabla hajapanda gari.

Mistari miwili ya jedwali ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali. Wa kwanza ni ule usio na L. Kazi ina mwenye kuamua na mwenye kutenda, lakini hakuna fungu. Wa pili ni ule wenye A mbili. Kituo cha daladala kwa kawaida huangukia humo: mwenye barabara anaamua eneo la kuegesha, mwenye leseni anaamua gari zipi zisimame, halmashauri inaamua nani auze pembeni, na kibanda hakina wa kukiezeka upya.

Tahadhari kwa atakayerudia: usijaze jedwali kwa maneno ya ofisini. Jaza kwa karatasi. Sheria inatosha kwa A, mkataba kwa T, lakini kwa L tunakubali hati ya malipo peke yake. Kazi ambayo kila mtu anasema "hiyo inalipwa na wale" na hakuna hati ya malipo ya miaka miwili iliyopita, kwetu haina mlipaji. Kigezo hiki kilifuta herufi nyingi zilizoandikwa kwa penseli siku mbili za mwanzo.

Wiki ya 2: dodoso na wajazaji

Maswali 30, wajazaji 12: madiwani 4, watendaji 4, watumiaji 4. Kundi la watumiaji ndilo linalokosewa zaidi. Mtu huchukua viongozi wa vyama na kudhani amewapata abiria. Tulitaka mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mfanyabiashara anayesafiri na mzigo alfajiri, mwanafunzi, na dereva au konda. Konda ni mtumiaji wa barabara, na anajua vituo kuliko mtu yeyote mezani.

Rasimu ya kwanza ya maswali ilikuwa mbovu, tukaitupa nusu yake. Kosa lilikuwa kuuliza kuwepo kwa nyaraka: "Je, jiji lina mpango wa usafiri?" Jibu ni ndiyo, alama zinapanda, abiria bado amelowa mvua. Kila swali likageuzwa kudai ushahidi. Mfano ni swali la vituo. Ngazi ya 1: kituo hutengenezwa baada ya ajali au malalamiko. Ngazi ya 2: kuna mchoro sanifu lakini kila mradi unajenga kivyake. Ngazi ya 3: kuna daftari la vituo vyote, lenye namba na hali ya kila kimoja, na fungu la matengenezo la kila mwaka. Ngazi ya 4: daftari hilo linasomwa pamoja na leseni za ruti na njia za miguu, na muda wa kusubiri kituoni unapimwa. Anayetoa 3 aandike daftari liko kabati gani.

Kosa la pili lilitokea kwenye kugawa. Madodoso ya watendaji yalipelekwa ofisini kwa pamoja, yakarudi yote manne yakiwa na majibu yanayofanana neno kwa neno. Hakuna udanganyifu hapo. Ni desturi ya ofisi kwamba mkubwa akishasema, wengine wananakili. Yalifutwa. Awamu ya pili kila mmoja alijaza mbele ya mtafiti, bila jina, fomu ikiwa na alama ya kundi tu.

Wiki ya 3 na ya 4: kuhesabu kituoni

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, nasi tunaieleza kwa kirefu kwa sababu bila namba za kituoni, kikao cha alama kinageuka mashindano ya kuongea.

Tulichagua vituo sita kwenye njia moja, kila upande. Kila kituo watu wawili: mmoja anatazama na kutamka, mwingine anaandika. Mtu mmoja akifanya yote mawili, magari mawili yakifuatana moja linapotea. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa zina tabia zao. Tarehe za mwisho wa mwezi, likizo za shule na mwezi wa Ramadhani vikae pembeni, au vihesabiwe kwa makusudi kama siku za aina yake. Siku ya mvua usiitupe. Iandike, kisha irudie siku kavu, kwa sababu tofauti ya hizo mbili ni kipimo cha mitaro.

Fomu ina safu tano: saa na dakika, tarakimu tatu za namba ya gari pamoja na herufi za mwisho, ruti iliyoandikwa kifuani mwa gari, kiwango cha ujazo, na alama kama gari limepakia au limepita. Ujazo una viwango vitano. 0 ni tupu. 1 ni chini ya nusu ya viti. 2, viti vimekaribia kujaa au vimejaa. 3, wapo waliosimama lakini konda anapita. 4, wamebanana hadi mlangoni. Kabla ya kuanza, wahesabuji walikaa saa moja kituoni wakikadiria magari yale yale na kulinganisha. Anayetofautiana na wenzake kwa viwango viwili anarudishwa mafunzoni. Vioo vyeusi vinasumbua. Hapo tunaangalia mlangoni na kioo cha mbele.

Kosa lililoharibu siku nzima ya kwanza lilikuwa la saa. Simu zinaandika 06:40, mtu anaandika 12:40, na wengine walichanganya kwenye ukurasa mmoja. Unaweza kusahihisha kwa kuondoa au kuongeza saa sita, lakini pale palipoandikwa 12:40 hujui kama ni ya asubuhi au ya jioni bila kusoma mistari ya jirani. Dawa yake ni kuchapa fomu zenye saa tayari, kila ukurasa nusu saa, mwandishi ajaze dakika tu. Wengi wanaotengeneza fomu hawalifikirii jambo hili.

Sasa hesabu yenyewe. Ofisi nyingi hupima huduma kwa idadi ya magari yenye leseni. Abiria hapandi leseni. Anapanda gari lililofika, na kinachomuumiza ni mwanya kati ya gari na gari. Chukua dakika 24. Magari manne yakipita kila baada ya dakika 6, anayefika kituoni wakati wowote atasubiri wastani wa dakika 3. Magari manne hayo hayo yakipita kwa mianya ya dakika 2, 2, 2 na 18, wastani wa mwanya unabaki 6, lakini wastani wa kusubiri unapanda hadi dakika 7. Zidisha kila mwanya kwa wenyewe, jumlisha (4 + 4 + 4 + 324 = 336), kisha gawa kwa mara mbili ya muda wote (48). Sababu inaonekana kwa macho: robo tatu ya abiria wanafika ndani ya ule mwanya wa dakika 18, na gari linalofuata linawakuta wote kwa pamoja, likajaa, likachelewa zaidi. Linalokuja nyuma yake linapita tupu.

Kwa nini magari yanaganda pamoja? Foleni ni sababu moja. Nyingine ni hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari. Dereva anadaiwa kiasi kile kile kila siku, kinachobaki baada ya mafuta ni chake na konda. Kwa hiyo anakaa stendi mpaka gari lijae, kisha akitoka anakimbizana na aliye mbele yake ili awahi abiria wa vituo vya kati. Mwanya mrefu unaanzia stendi, mwanya mfupi unatokea njiani. Askari akimpiga faini hajagusa chanzo, ameongeza tu deni la siku.

Kukatisha ruti tunakupima kwa namba za magari. Gari lililoandikwa kituo cha 2 na halikuonekana kituo cha 5 ndani ya muda wa safari pamoja na dakika 20 za nyongeza, linahesabiwa limegeuza. Lakini usiamini namba hiyo kabla ya kujua ni magari mangapi wahesabuji wenyewe wanayakosa. Siku moja tuliweka jozi mbili kituo kimoja, kila jozi bila kuona fomu ya wenzao. Gari lililo kwenye fomu moja na halipo kwenye nyingine ni kosa letu, na kiwango hicho kinatolewa kwanza kabla ya kumlaumu dereva.

Hesabu ya mwisho ya wiki hizi ndiyo iliyobadilisha mazungumzo na watendaji. Idadi ya magari yanayohitajika ni muda wa mzunguko mzima kugawa kwa mwanya unaotaka. Mzunguko wa dakika 120 na mwanya wa dakika 3 unataka magari 40. Foleni ikisukuma mzunguko hadi dakika 150, magari yale yale 40 yanatoa mwanya wa dakika 3 na sekunde 45. Kwa saa moja yanapita 16 badala ya 20, na kama kila moja lina watu 30, abiria 120 wamebaki kituoni bila gari lolote kuharibika. Kurudisha mwanya wa dakika 3 kunataka magari 10 zaidi, nayo yanaingia kwenye foleni ile ile. Ukiliangalia hivi, kipande cha njia ya mabasi peke yake chenye mita mia chache kabla ya mataa mabaya kina thamani ya magari kadhaa mapya, mafuta yake na madereva wake.

Hapo watu huutaja mwendokasi wa Dar es Salaam, na ni haki. Awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, ilianza kubeba abiria Mei 2016: njia ya peke yake katikati ya barabara, mabasi yenye urefu wa hadi mita 18, nauli inalipwa kabla ya kupanda, sakafu ya kituo inalingana na ya basi. Kila kimoja kati ya hivyo kinakata sekunde za kusimama kituoni. Lakini njia peke yake haileti basi. Karakana iliyowekwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, imefurika mara kadhaa, na basi lililoingia maji halipo barabarani kesho yake. Kutokana na hilo tumeongeza swali la 31 kwenye dodoso: magari yanalala wapi, na mvua kubwa ikinyesha yanatokaje?

Wiki ya 5: mita mia tano za mwisho

Karibu kila safari ya daladala inaanza na kuisha kwa miguu. Vifaa: futi ya kupimia ya mita 5, gurudumu la kupimia, saa ya sekunde, chaki, na fomu iliyokatwa kwa vipande vya mita 100. Upana hupimwa pale panapobana zaidi ndani ya kipande, kamwe usichukue wastani. Njia ya mita 2 yenye nguzo ya umeme katikati inayoacha sentimita 70 ni njia ya sentimita 70. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye wastani.

Ukingo wa njia ya miguu wenye kimo cha sentimita 15 unataka mteremko wa urefu wa mita 1.8 kwa uwiano wa 1 kwa 12. Tulikuta miteremko ya nusu mita, ambayo kwenye mchoro inaitwa "ya walemavu" na kwa kweli ni ukuta wa kulala. Kwenye mataa, barabara ya mita 14 inataka sekunde 12 kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, na karibu 18 kwa mzee wa mita 0.8. Pima taa ya kijani ya waenda kwa miguu kwa saa, usiulize imepangwa sekunde ngapi.

Mifuniko ya mitaro inastahili aya yake, maana sehemu nyingi za Afrika Mashariki mfuniko ndio njia ya miguu. Zege lina uzito wa takribani kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Mfuniko wa sentimita 60 kwa 50, unene 10, una kilo 72, na wafanyakazi wawili wanauinua kwa ndoano. Mfuniko wa mita moja kwa sentimita 60, unene ule ule, una kilo 144. Hauinuliki, basi siku ya kusafisha mtaro unavunjwa kwa nyundo au unaburutwa pembeni na kuachwa. Shimo lililo wazi mbele ya shule mara nyingi limechorwa ofisini, kwenye mstari wa vipimo. Vichujio vya chuma vinavyong'olewa kirahisi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zege lisiloacha nondo nje linadumu. Matundu ya ndoano yakikosa kizibo hujaa mchanga na mfuniko hauinuki tena.

Wafanyabiashara wa pembeni. Fomu yetu haina neno "kizuizi" kwa meza ya machinga. Tunapima upana unaobaki meza ikiwepo, na tunarudi saa 2 usiku kupima mwanga. Vituo kadhaa vilikuwa na taa moja tu inayowaka, nayo ni ya muuza chipsi. Ukimwondoa bila kuweka taa, umewaondolea akina mama usalama wao. Mapendekezo yetu ni mstari wa rangi unaoacha mita 2 wazi, na meza nyuma yake, pamoja na mtu wa halmashauri anayejulikana kwa jina anayepita kila siku.

Kipimo cha lengo la 11.2 la Malengo ya Maendeleo Endelevu kinahesabu watu wanaoishi ndani ya mita 500 kutoka kituo cha usafiri wa kawaida, au kilomita 1 kutoka usafiri wa uwezo mkubwa. Wengi huchora duara kwenye ramani na kuhesabu nyumba. Duara halijui bonde wala ukuta wa kiwanda. Tumehesabu kwa njia halisi za kutembea kwenye ramani ya OpenStreetMap kwa programu ya QGIS, na vivuko vya mbao vinavyosombwa na mvua tumevifuta kwenye hesabu ya masika. Mtaa mmoja ulio duarani kabisa ulitoka nje wote.

Wiki ya 6: ramani ya ruti

Kifupi, kwa sababu kazi hii imeshafunguliwa njia. Nairobi ilichorwa na mradi wa Digital Matatus, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki pamoja na vyuo vikuu vya Marekani vya MIT na Columbia, na ramani ya umma ikatoka mwaka 2014. Data zake ziliwekwa katika GTFS, muundo wa kompyuta wa kuandika ruti, vituo na saa, uliotengenezwa kwa mabasi yenye ratiba. Daladala haina ratiba, kwa hiyo unaweka mwanya wa kila kipindi cha siku badala ya saa ya kuondoka. Mianya ya wiki ya 3 na ya 4 iliingia hapa moja kwa moja.

Mkusanyaji anakaa dirisha la kushoto, upande wa mlango, anaona wanaopanda na kushuka. Safari mbili kila upande, analipa nauli kama abiria yeyote na anamweleza konda anachofanya. Simu nyingi huzima programu ya GPS kioo kikizimika ili kuokoa chaji, na njia inatoka na pengo la kilomita mbili. Ondoa kizuizi hicho kwenye mipangilio kabla ya kupanda, na beba chaja ya mkononi.

Wiki ya 7: kikao cha alama

Kikao kilichukua muda wa saa tatu, kwa maswali 31. Maswali ambayo makundi yanatofautiana kwa chini ya ngazi mbili yalipitishwa kwa alama ya chini kati ya zilizotolewa. Yalibaki 11 ya kujadili. Watumiaji wanaongea kwanza, kisha madiwani, watendaji mwisho. Mpangilio wa kinyume ulijaribiwa kwenye swali la kwanza, na mtumiaji wa kwanza akaanza kwa "kama alivyosema mheshimiwa". Tukasimamisha na kugeuza.

Kanuni ni moja: maneno hayapandishi alama, karatasi inapandisha. Kwenye swali la vituo watendaji walitoa 3 na watumiaji 1. Mchoro sanifu ulikuwepo, mzuri, umegongwa muhuri. Daftari la vituo halikuwepo. Alama ikawa 2, na mtendaji mmoja akasema wazi kuwa hajawahi kuombwa daftari hilo na mtu yeyote. Kauli hiyo imeandikwa kwenye kumbukumbu kama sababu. Haikuandikwa kama kosa lake.

Wastani hatutumii. Wastani wa 1 na 3 ni 2, na mbili hiyo haina maana yoyote mpaka watu wawili waseme kila mmoja aliona nini.

Jambo lililokwama ni kuvuta kamba kwa kata. Diwani alitaka swali la njia za miguu lijadiliwe kwa kata yake. Tuliweka ubao wa pembeni wa "mambo ya mahali", kila jambo likaandikwa na mwenye kata akaliona limeandikwa, kikao kikaendelea.

Wiki ya 8 na ya 9: mpango kazi

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makisio ya halmashauri hupangwa miezi mingi kabla. Pendekezo linalofika bajeti ikishafungwa linasubiri mwaka mzima, na watu wanasahau. Kwa hiyo mpango una vitendo 12 tu, kila kimoja na jina la cheo, fungu, kipimo na mwezi. Vitatu havihitaji fedha mpya: daftari la vituo, ofisa mmoja wa kuitwa kwa njia nzima iliyokaguliwa, na kikao cha kila mwezi cha taasisi zile tano kwa njia hiyo hiyo. Mkutano wa jiji zima hatukupendekeza. Unazungumza kila kitu na hauzibi shimo lolote.

Cha nne ndicho kigumu: kutoa magari stendi kwa mwanya wa dakika 3 asubuhi. Ukimwamuru dereva aondoke na nusu ya viti huku hesabu ya tajiri iko pale pale, umemhamishia yeye gharama ya huduma ya jiji. Atatii siku mbili. Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza, wamiliki wa ruti moja wachangie mapato kwenye kapu moja na kugawana kwa tripu zilizotoka kwa wakati. Inawezekana bila fedha ya serikali, ila inataka tiketi inayoaminika. Fedha taslimu mkononi mwa makonda kumi zinavunja kapu wiki ya kwanza. Ya pili ni kulipa kwa kilomita, kama jiji la Bogotá, Kolombia, lilivyofanya na mabasi yake ya mwendokasi, TransMilenio, tangu mwaka 2000. Hapo dereva hakimbizani na mtu, lakini pia hana sababu ya kusimama kumchukua abiria, basi jiji lazima liwe na wakaguzi na GPS, na liwe tayari kulipa mwezi ambao nauli hazitoshi. Kigali mwaka 2013 iligawa ruti kwa kanda na kuzipa kampuni chache. Hatua hiyo inarahisisha kujua umdai nani.

Tumependekeza kapu kwa ruti moja, magari yasiyozidi 20, miezi mitatu, wamiliki waingie kwa hiari. Kipimo ni wastani wa kusubiri kwa hesabu ya mianya, kwenye vituo vile vile sita.

Hali ilivyo leo

Ripoti iko kamati ya mipango miji na mazingira. Daftari la vituo limeanza: namba imepakwa rangi kwenye nguzo za vituo vya njia iliyokaguliwa, upande wa kwenda mjini. Upande wa kurudi unasubiri rangi. Wamiliki wa ruti ya majaribio wamekaa mara mbili. Wamekubali kapu, hawajakubaliana nani ashike mashine za tiketi, na madereva wametaka malipo ya siku ya gari bovu yaandikwe kwenye makubaliano kabla ya kusaini. Rasimu yenye kifungu hicho inarudi kwao wiki ijayo. Fomu za kuhesabu za duru ya pili zimeshachapwa, zikiwa na saa.